Kadi ya Njano ya Lambert

Mvua ya Bunia haibishi hodi. Ilipoanguka Jumatatu ile, boulevard nzima ilikimbia, na kijana mmoja akajikuta amesukumwa na umati mpaka ndani ya kibanda cha simu cha Solange, shati limepigwa pasi, viatu vyeupe pe.

"Mama, simu yako inafika France?"

"Inafika. Ile viatu yako tu ndiyo haitafika nyumbani."

Kijana akacheka. Jina lake Guelord. Solange, binti wa wafanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa amejiapiza kutompenda mtu mpaka vita viishe, na kicheko kile kilimwudhi kwa jinsi kilivyompendeza.

Ilikuwa mwaka 2002. Mji ulikuwa umebadilisha wenye bunduki mara nyingi, na watu walisalimiana kwa macho kabla ya mdomo. Kwa hiyo Solange alitega sikio. Guelord alinong'ona, lakini ile simu ya setilaiti ilipiga kelele kama redio.

"Ulicheza?"

"Sikucheza," sauti ya mwanamume ikajibu kutoka France.

Akatoa kayee mfukoni, kijidaftari kilichochakaa, akaandika: 90. Akashukuru, akaenda.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Sikucheza, na yeye akaandika 90. Solange hakupenda. Kazi ya simu ilikuwa imemfundisha jambo moja: mwongo huleta habari safi, isiyo na doa; mkweli hukosea kidogo, kisha hujirekebisha.

Lakini moyo nao una kiburi chake. Miezi ikapita, na kila Jumatatu Solange alivaa kikwembe cha maua mekundu, naye Guelord alileta mandazi ya moto.

"Leo umejipamba hivi juu ya nani, chérie?"

"Juu ya wateja. Toa mukono yako ku kikwembe yangu."

Siku moja wenye bunduki walipita kibandani. Mkubwa wao akaegemea meza, akasema taratibu, "Mutu akitaja ao kuandika-andika nombre, zile namba za siri, mu simu, utatuambia. Ukinyamaza, na weye uko pamoja naye." Solange akaitika. Tangu hapo alimpenda Guelord na kumwogopa pia. Kama ni mpelelezi, watu wangekufa kwa sababu yake; kama si mpelelezi, neno moja la Solange lingemuua.

Alipokuja tena na kumaliza simu yake, hakumtania.

"Ile 90 unaandikaka, ile nonante, ni nini?"

"Ni dakika za mupira. Yaya Lambert, ndugu yangu mukubwa, iko beki kule France. Professionnel, na passeport yao."

"Amesema hakucheza. Weye umeandika nonante."

Guelord akafunga kayee. "Solange, usiulize."

"Leo nauliza mimi. Kesho watauliza bengine."

Akaondoka bila kuaga, mandazi yakabaki mezani. Solange akafunga kibanda mchana kweupe, akamfuata mpaka mtaa wa Lumumba, nyuma ya nyumba ya matofali. Akasimama dirishani.

"Nonante, papa," sauti ya Guelord ilisema. "Hakuna mutu alimupita Lambert."

Solange akasukuma mlango. Palikuwa na kitanda, na juu yake mzee mwenye macho ya ukungu. Guelord alimvuta Solange nje.

"Papa ni mutu wa Aveba. Sasa unajua. Kama unataka kutuuza, utuuze."

Kwa wenye bunduki wa Bunia, Aveba kilikuwa kijiji cha adui; siku zile jina lake pekee lilitosha kumpoteza mtu.

"Na ile nonante?"

"Goti ya Lambert ilivunjika mwaka jana. Docteur alisema mupira imeisha, lakini kila Jumatatu naulizaka, pengine atarudia. Papa alitembea kwa miguu toka Aveba na hakuna kitu ingine amebakia nayo, ni ile jina ya mutoto wake tu. Nitamwambia namna gani?"

Solange aliona aibu. Ndani, mzee akaita.

"Ni nani huyo?"

"Ni mwenye simu, papa."

"Aingie."

Mzee alimshika Solange mkono, akaukaza. "Weye unasikia na masikio yako. Huyu ananiambia nonante, nonante, mwaka muzima, hata kadi moja hakuna. Mimi nilicheza beki ku missioni miaka kumi. Beki gani hapati kadi? Mwanangu, niambie. Lambert amekufa, njo maana banamuficha?"

Guelord aliinamisha kichwa. Solange aliutazama uongo ule wa mwaka mzima, akaona mara moja kilichopungua.

"Hakufa, papa. Sauti yake niliisikia leo. Na kadi alipata. Njano, dakika ya cinquante-deux. Alivuta mutu jezi. Guelord aliona haya kukuambia."

Mzee akainua uso.

"Jezi?"

"Jezi, papa."

"Mupumbavu," mzee akasema, na machozi yakamtoka. "Nilimukataza toka mutoto." Akaendelea kumtukana Lambert kwa furaha, tusi baada ya tusi, mpaka akaomba chakula, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu juzi.

Nje, Guelord alimtazama Solange kama mtu aliyeokolewa mtoni.

"Ulijifunza wapi kudanganya vile?"

"Ku boulevard. Kutoka leo, ile kayee ikae hapa. Kule kwangu utaleta mandazi tu."

"Nikuoe, Solange?"

"Mbele ya yote uniambie. Ulianza kunipenda lini?"

"Toka ile siku ya mvua. Nilipokuona tu."

Solange akakunja uso. Habari hiyo ilikuwa safi mno.

Guelord akajikuna kichwa. "Hapana. Ilikuja kisha. Ile siku ya mvua nilikuwa naogopa juu ya viatu yangu."

Ndipo Solange akampa mkono wake.