Pumzi ya Mzee wa Plastiki

Hebu fikiria chumba kisicho na dirisha, katika chuo kimoja cha Buruburu, saa nane mchana. Mezani amelala Mzee, sanamu ya plastiki yenye mifupa ndani, ambayo wanafunzi wa eksirei hujifunzia jinsi ya kumlaza mgonjwa ili apigwe picha. Aliyenisimulia haya ni rafiki yangu Muthoki, mwalimu wao.

Siku hiyo alikuwa amechoka nao. Mtihani ulikuwa kesho, na kama mwanafunzi wake Wakoli angeanguka tena, angerudia mwaka mzima. Kwa mara ya tatu picha yake ikatoka na mbavu zenye ukungu, kama za mgonjwa aliyepumua wakati picha inapigwa.

"Hujamwambia ashikilie pumzi," Muthoki akasema.

"Madam, si huyu ni plastiki? Atanisikia na masikio gani?"

Wenzake wakacheka.

"Na kesho ukisahau kumwambia mtu wa kweli, utaniambia ni plastiki? Hebu toka hapo."

Akamnyoosha Mzee mabega mwenyewe, akazima taa ili aone vizuri mwanga wa mashine kifuani, kisha wote wakasimama nyuma ya kizuizi.

"Vuta pumzi," akaita. "Shikilia."

Mashine ikavuma, ikanyamaza. Picha ikatoka safi, kila ubavu ukionekana. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Madam," Wakoli akanong'ona gizani, "hujamwambia apumue."

"Pumua," Muthoki akasema.

Kutoka mezani ikasikika pumzi ndefu ikishuka polepole, kama ya mtu aliyeibana kwa muda mrefu.

Nawe, ukimwomba yeyote ashikilie pumzi, tafadhali kumbuka kumwambia apumue.