Bidoni Iliyotoka Vitani

Mwaka 1967, Lukeba na mke wake Cibalonza walikuwa wakikaa Rumonge, kando ya ziwa, karibu na mwalo wa samaki. Walikuwa wamevuka ziwa hilo miaka miwili nyuma, wakikimbia vita vya Fizi, ng'ambo ya pili. Lukeba alikuwa askari huko. Zaidi ya kubeba bunduki, alipuliza dawa ya kuua chawa na mbu kambini, mikono wazi, pua wazi.

Asubuhi moja mtungi wa maji ulipasuka. Cibalonza akachukua bidoni, yaani dumu la chuma, ambayo mume wake alikuja nayo kutoka kambini. Lukeba alikuwa ameisugua kwa mchanga na kuiosha kwa maji ya moto mara tatu. Cibalonza akatekea maji humo, akapika uji wa muhogo. Watoto wakakaa kunywa, Vestine wa miaka saba na Casimir wa miaka minne.

"Mama, uji unanuka," Vestine alisema.

"Ni moshi. Kunywa."

Hazikupita saa mbili, Casimir akaanguka mlangoni. Mikono na miguu ilirukaruka. Macho yalipinduka. Povu likamtoka mdomoni.

Jirani yao Kadidja alisikia kelele. Alipomwona mtoto, alitoka mbio kumwita Asmani, muuguzi wa dispansere. Lukeba naye alifika kutoka mwaloni. Alisimama tu, hakumgusa mtoto.

"Ni wale niliowaua," alisema polepole. "Wamemufuata mutoto wangu."

 Mwaka uliopita mtoto wao mwingine alizaliwa akiwa amekufa, na Lukeba alisema maneno hayohayo.

"Nyamaza, Baba Vestine! Huyu amekula sumu. Nitamupa mafuta ya mawese."

Alijaza kijiko, akainua kichwa cha mtoto. Kijiko kilikuwa kimefika midomoni sauti iliposikika kutoka njiani.

"Acha! Usimutie kitu mdomoni!"

Ilikuwa sauti ya Asmani. Alimlaza mtoto kwa ubavu, akamfuta povu, akangoja. Mwili ukatulia. Asmani akauliza upesi, "Amekula nini?"

"Uji tu, muganga. Na Vestine amekunywa."

"Na nyinyi wazazi?"

"Hapana. Ulikuwa wa watoto."

"Maji yalitoka wapi?"

Cibalonza alionyesha bidoni. Asmani aliinusa, akageuza uso.

"Baba Vestine, hii ilikuwa na nini?"

"Dawa ya chawa, ya kambini. Lakini niliiosha mara tatu!"

"Hata ungeiosha mara mia. Dawa iko imeshikana na chuma. Na mawese yangeifanya iingie mwilini haraka zaidi. Mama, tazama Vestine."

Vidole vya Vestine vilikuwa vinatetemeka.

Wakakimbia. Lukeba alimbeba Casimir, Cibalonza akambeba Vestine, Asmani akashika bidoni ili daktari wa dispansere aione. Kwenye dispansere watoto walichomwa sindano ya kutuliza degedege. Walivuliwa nguo zilizomwagikiwa na uji, wakaogeshwa kwa sabuni. Casimir alishikwa na degedege tena mara mbili. Cibalonza hakuacha kumtazama kifua, kama kinapanda na kushuka. Mkononi bado alihisi uzito wa kile kijiko.

Siku ya tatu Casimir alifungua macho, akaomba samaki. Cibalonza alilia mbele ya watu wote.

Ndipo Lukeba akauliza, "Muganga, na yule aliyezaliwa amekufa? Ni dawa?"

Asmani akaketi karibu naye.

"Sijui. Dawa hizi zinaingia kwa ngozi na kwa pumzi, na zinakaa mwilini. Kama zilimufikia tumboni, siwezi kusema. Sitakudanganya. Lakini hawa wawili, nimeona kilichowaangusha. Si wafu. Ni bidoni."

Lukeba aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Tulivuka wengi. Kila askari alibeba bidoni yake."

Asmani alitoboa bidoni ile kwa msumari, isitumike tena. Wakaifukia mbali na ziwa, mbali na visima na mashamba.

Jumapili Lukeba aliomba kusema kanisani. Hakuwa mtu wa maneno.

"Murakoze, asanteni kunisikiliza," alisema. "Nilileta sumu kwangu kwa mikono yangu. Bidoni ya dawa haioshwi ikawa safi. Musiweke maji, musiweke mawese, hata chumvi. Mutu akianguka kwa sumu, musimupe mawese. Mupelekeni dispansere, na bidoni yenyewe."

Hakuwa amemaliza, mwanamke mmoja akainuka nyuma, mke wa askari mwenzake. Alitoka bila kuaga, akakimbia hadi nyumbani. Bidoni yake ilikuwa jikoni, imejaa maji. Binti yake alikuwa amewasha moto na kuteka kikombe cha kwanza.

Mama alikimwaga kabla mtoto hajakinywa. Wiki ile Asmani alitoboa bidoni saba.