Vibuyu Ndani ya Kabati Jeupe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hawo alifagia mavi ya panya jikoni. Aliyakuta kwenye rafu kuukuu, juu ya mifuniko ya sufuria, na siku nyingine ndani ya kikombe cha Nuh, mdogo wake wa miaka mitatu. Rafu yenyewe ilikuwa imevimba tangu mafuriko yalipoingia nyumbani kwao Garsen. Chini ilikuwa na tope lililokauka. Juu ilinata mafuta ya kupikia, na kwenye mafuta hayo manyoya ya paka. Hawo alishika ufagio kwa vidole viwili, akabana pumzi.

"Mama, hii rafu itatuua," alisema.

"Si ndiyo tunaitoa. Vumilia kidogo."

Mama yake, muuza maziwa sokoni, alikuwa akitengeneza jiko upya. Ukuta ulishapigwa lipu na sakafu ilishatiwa saruji. Kilichobaki ni kuchagua makabati. Katana, fundi seremala, alitaka kuwachongea makabati ya mbao yenye miguu mirefu, milango ya wavu, na ubao wa ndoano za kutundikia vibuyu vya maziwa. Awadh mwenye duka naye alikuwa na makabati meupe yanayong'aa, milango yake ikifunga kabisa. Kwa kuwa alikuwa mteja wa maziwa wa siku nyingi, alimwazima mama kabati moja.

"Kaa nalo mpaka Ijumaa, Mama Hawo," alisema. "Likikupendeza, nakuletea ya ukuta mzima."

Hawo alishachagua moyoni. Aliyataka meupe, tena alijua kwa nini. Linda, rafiki yake wa darasani, alikuwa na mchezo wa kumkaribia na kunusa sweta lake.

"Leo mmekunywa maziwa," Linda alikuwa akisema. "Unanuka moshi kama banda la kukaushia samaki."

Wote wawili walicheka, lakini Hawo alicheka kwa mdomo tu. Moshi ule ulitoka kwenye vibuyu. Mama alipomaliza kuviosha, alitia ndani kijinga cha moto, akavitikisa, akavifuta, kisha akavitundika ukutani mdomo chini vipigwe na upepo. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, kama wanawake wengi wa jamii yao ya wafugaji, Waorma, ili maziwa yasiharibike upesi.

Wiki ile mafundi walijaa nyumbani, na maziwa yalinywewa moja kwa moja kutoka kwenye sufuria.

"Hawo, vioshe vibuyu, uvifukize, uviweke mpaka kazi iishe," mama alimwambia.

Hawo alivisuuza kwa maji baridi, mara moja tu. Kijinga hakukigusa. Akavipanga ndani ya kabati jeupe vikiwa bado vinatiririka maji, akafunga milango. Jiko likapendeza. Hakuna kibuyu ukutani, hakuna harufu ya moshi. Kila siku aliipangusa ile milango mpaka akaona meno yake.

Siku ya Jumatano alisikia harufu. Ilikuwa kama kitambaa kilicholoa maziwa kikasahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alifungua mlango kidogo. Mende watatu wanene walikimbilia nyuma ya kibuyu, na wa nne akabaki mdomoni mwa kibuyu hicho, akipunga masharubu. Hawo akafunga mlango haraka, akachoma ubani mbele ya kabati.

Alhamisi jioni mama aliuliza, "Vipi kabati la Awadh? Wewe ndiye unayelipangusa."

"Zuri, mama. Halina shida."

Ijumaa asubuhi mama alichukua simu ampigie Awadh. Hawo alikuwa akimfunga Nuh vifungo vya shati. Nuh akachoropoka, akafungua kabati, akatoa kibuyu chake kidogo, akakiinua kinywani kama alivyozoea.

"Nuh, acha," Hawo alisema. Akaruka, akakinyakua. Mende alitoka mdomoni mwa kibuyu, akapita juu ya kidevu cha mtoto, akateremkia shingoni. Nuh akalia. Kwenye mkono wa Hawo ulimwagika ute wa kijivu wenye mabonge, na ndani ya ute huo funza weupe wakijinyonganyonga.

Hawo alitapika palepale, kwenye sakafu mpya.

Mama alishamkimbilia Nuh, akamfuta kidevu, akamchungulia kinywa. Kilikuwa kikavu; hakuwa amemeza kitu. Mkononi mwa mama simu ilikuwa ikiita.

"Usimwambie alete mengine," Hawo alisema. "Nilijua tangu Jumatano. Vibuyu sikuvifukiza. Nilivifungia na maji."

Mama alikata simu. Hakufoka. Alimwambia Hawo atoe kila kitu nje juani. Sakafu ya kabati ilikuwa ya vumbi la mbao lililoshindiliwa, na maji ya vibuyu yalikuwa yameilowesha. Hawo alipoigusa, kidole kilizama kama kwenye uji uliopoa. Vibuyu viwili havikufaa tena. Mama alivitupa shimoni bila kuvitazama.

"Awadh utamwambia wewe," alisema, akampa simu.

"Ami Awadh," Hawo alianza. "Kabati lako nimeliharibu mimi. Halikuja bovu."

Katana alibadilisha ubao wa chini, na Awadh akalichukua kabati lake. Kisha fundi akaleta yale ya miguu mirefu na milango ya wavu. Linda alipokuja kuyaona, alinusa, akatabasamu.

"Moshi umerudi."

"Umerudi, na utakaa," Hawo alijibu. "Ungenusa wiki iliyopita, shoga, ungekimbia mpaka Idsowe."

Mama alikuwa akitundika kibuyu kipya mdomo chini.

"Lile jeupe msilisingizie," alisema. "Hata hili la Katana litanuka mkilifungia uchafu. Mende niliwaosha kwa maji moto, wakaisha. Lakini nilikuuliza Alhamisi, Hawo, ukaniambia halina shida. Neno hilo sikupata maji ya kuliosha. Ukiona uchafu, mwanangu, fungua mlango useme, hata kama uchafu ni wako."

Kisha akampa kijinga cha moto, na Hawo akakitia ndani ya kibuyu mwenyewe.