Nguchiro wa Shaba

Ukumbi wa maonyesho ulifurika watu mchana ule, lakini mfamasia alikuja peke yake, kama kawaida yake: gauni la samawati, viatu vifupi, mkoba begani. Aliwapita simba wakubwa wa shaba bila kugeuza shingo. Akasimama mbele ya nguchiro mdogo, asiyezidi ngumi, aliyeinuka kwa miguu ya nyuma kama anayemngoja mtu.

"Mshike," sauti ilisema nyuma yake. "Wadogo hutengenezwa washikwe."

Alikuwa fundi mwenyewe aliyemtengeneza, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe na makovu ya moto vidoleni.

"Nisije nikaitwa mwizi."

"Wewe? Labda uniibe mimi."

Mfamasia alicheka hadi akajishangaa.

Nyumbani kwake rafu nzima ilijaa wanyama wa namna hiyo: chura, mbuzi, ndege. Wageni wachache waliofika walidhani ni mapambo. Hakuna aliyejua kwamba kila jioni alimchukua mmoja, akamfumbata kiganjani mpaka shaba ikapata joto, na ukimya wa nyumba ukapungua kidogo. Siri hiyo alimwambia fundi kwenye simu, siku ya tatu tu tangu wajuane.

Kesho yake fundi akamletea yule nguchiro. "Zawadi. Usinibishie."

Miezi minne simu hazikukatika.

"Mama Dawa, umekula?"

"Nimekula, Fundi wangu. Na uache kunidekeza, nitazoea."

"Zoea."

Ndipo siku moja wakili mmoja akaja kununua dawa ya kikohozi, akamwona nguchiro kwenye kaunta ya duka la dawa.

"Alaa! Na wewe unaye? Wangu yuko ofisini." Akamwonyesha picha kwenye simu. Ni yule yule, hata sikio lililokunjika.

Tangu saa ile mfamasia hakupokea simu. Siku tisa alikula amesimama jikoni, akilala na neno moja: kumbe.

Siku ya kumi fundi aliingia duka la dawa, akapanga foleni nyuma ya wagonjwa.

"Nimekukosea nini?" aliuliza zamu yake ilipofika.

"Wako nguchiro wangapi?"

"Wanane. Kalibu moja ya kumiminia shaba, wanane. Si unajua, wewe mkusanyaji?"

"Kalibu ya shaba naijua. Ya maneno je? Hao saba nao uliwaambia wazoee?"

Fundi alishusha pumzi. "Hao saba waliniuliza bei, wakalipa, wakaondoka. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia unamshika kwa nini. Nami naishi peke yangu, mpenzi. Nilikuelewa."

"Mjibu, binti yangu," mzee aliyekuwa nyuma ya fundi alisema. "Kifua changu kinasubiri."

Foleni ilicheka. Mfamasia aliinamisha uso, akahesabu vidonge vya mzee, akakosea, akaanza upya.

"Nafunga saa kumi na mbili," alisema hatimaye, bila kumtazama. "Lakini sijapika cha watu wawili tangu mama afariki. Miaka sita."

"Nitakula kitakachokuwepo."

Jioni ile sufuria ndogo haikutosha. Akapanda kiti, akaishusha kubwa, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga huku akilia.