Kipande cha Sabuni Chini ya Lori

Kila Ijumaa Cheptoo alipotoka shuleni, alijua kazi zilizomngoja hata kabla hajafika nyumbani: kuteka maji, kufunga ndama, kusugua sufuria, na mwishowe kumsaidia baba yake kuandaa lori. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nao waliishi nyuma ya maduka ya Molo. Mvua ya msimu huo ilikuwa imegeuza uwanja wao kuwa tope tupu. Msichana huyu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na Ijumaa hiyo miguu ilimuuma sana.

Lori lenyewe nalo lilikuwa limechoka. Baba yake, Kiprugut, aliyekuwa dereva wa jeshi wakati wa vita, alilinunua likiwa kuukuu, na tangu hapo alikuwa akilitengeneza mwenyewe. Tangi la petroli likitoboka njiani, alipaka sabuni ya kufulia kwenye tundu na kuendelea na safari. Cheptoo aliwahi kuona kwa macho yake petroli ikiacha kudondoka. Kuanzia siku ile aliamini kwamba hakuna tundu linaloishinda sabuni.

Jioni hiyo Kiprugut alifika akiwa ameshinda akilikwamua lori kwenye matope. Hata chai hakunywa. Aliingia chini ya injini na spana yake, akaweka debe, akafungua nati, na oili nyeusi ikaanza kumwagika.

"Cheptoo, mama," alisema huku akijivuta kutoka chini na kuegemea gurudumu. Alimpa nati pamoja na kipete chake cha shaba, kile kiduara kinachovishwa nati. "Ikiisha kumwagika, funga nati, halafu umimine hii oili mpya. Usisahau kipete. Hicho ndicho kinachoziba."

"Sawa, Baba."

Kabla oili haijakatika, Kiprugut alikuwa anakoroma.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, tena bila ubaya wa mtu yeyote. Mikono ya Cheptoo ilikuwa inateleza kwa oili. Nati na kipete vilimponyoka, vikatumbukia ndani ya debe. Nati aliipata upesi. Kipete, ambacho hakikuzidi kifungo cha koti kwa ukubwa, alikitafuta mpaka oili ikampanda kiwikoni, asikione. Ingefaa amimine oili yote polepole kwenye chombo kingine na kuichuja. Au amwamshe baba yake. Lakini mama yake, Cheptanui, alikuwa akimwita aje ashike ndama, na giza lilikuwa linaingia. Cheptoo alimtazama baba yake alivyolala mdomo wazi, akamhurumia. Kusema kweli, alijihurumia yeye pia.

Akachukua kipande cha sabuni, akakikanda kwa vidole, akakizungushia nati na kuikaza kwa spana. Akamimina oili mpya. Alipochungulia chini, hakuna hata tone lililodondoka.

Kiprugut alizinduka. "Umefunga sawasawa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na kipete?"

"Ndiyo."

Alisimama kwa shida, akaenda kulala. Cheptoo alikwenda kwa ndama, na usiku usingizi wake haukuwa mzuri.

Asubuhi majirani walipakia magunia yao ya viazi ya kuuzwa soko la Nakuru. Kiprugut alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaona imejaa, akaridhika. Cheptoo aliketi mbele pamoja naye ili akasaidie sokoni.

Walipokuwa wanapanda kuelekea Sachangwan, lori likinguruma kwa mzigo, harufu ya oili iliyoungua iliingia ndani. Cheptoo alichungulia dirishani. Nyuma yao, juu ya udongo mwekundu wa murram, matone meusi yalikuwa yamefuatana barabara nzima.

Injini ikikauka oili hufa, hilo alilijua. Na injini hii ikifa, lori nalo limekwisha, na baba yake angerudi kuendesha trekta katika shamba la mtu. Alimtazama. Macho ya Kiprugut yalikuwa mekundu kwa uchovu, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri alikuwa anapiga mluzi kidogo. Cheptoo aliona uchungu kumkatizia mluzi ule.

"Baba, simamisha lori."

"Kuna nini?"

"Kipete kilinipotea. Niliweka sabuni."

Kiprugut hakuuliza mara ya pili. Alisogeza lori kando na kuzima injini. Kijiti kilitoka kikiwa na oili kwenye ncha tu.

"Petroli ni baridi," alisema, akiwa ameketi kwenye nyasi. "Oili ya injini inachemka. Sabuni ikipata joto la namna hiyo, inayeyuka. Tungefika juu ya kilima, tungebaki na vyuma tu."

Cheptoo alianza kulia. "Ulikuwa umechoka, Baba. Sikutaka kukuamsha."

"Najua. Na mimi nilipoamka, nilikuuliza nikitaka tu kusikia ndiyo, ili nisirudi tena chini ya lori. Hapo nilikosa. Lakini wewe ulijua ukweli, na ukanipa ile ndiyo niliyoitaka."

Walingoja injini ipoe. Kiprugut alikata kipande cha ngozi kwenye kiatu chake cha jeshi, akakitoboa katikati kama kipete na kukilowesha kwa oili. Akafungua nati, akaisafisha sabuni yote, akakinga kwa kopo oili kidogo iliyobaki. Alipomaliza kuifunga upya alikuwa ametapakaa matope. Jua lilikuwa limepanda, na wote wawili walijua wangefika Nakuru soko likianza kutawanyika.

"Haya, twende," alisema. Kisha akasita, akamnyooshea Cheptoo spana. "Hebu angalia kwanza. Imekaza?"

Cheptoo alitambaa chini ya lori. Alitia spana, akavuta. Nati ikazunguka kidogo. Alibaki amelala pale topeni, akiitazama. Miguu ya baba yake ilikuwa imeshasimama karibu na mlango wa dereva.

"Bado, Baba."

Kiprugut alishusha pumzi. Akarudi, akalala tena kwenye matope kando ya binti yake, wakaikaza pamoja mpaka ikakataa kabisa kuzunguka.

"Hivyo ndivyo," alisema, akiwa bado amelala. "Kuchoka kutatupata kila wiki, mimi na wewe. Lakini kazi ikiwa bado, niambie bado. Niambie hata ukiniona nimesinzia, hata ukijua nitakasirika. Nikiukosa ukweli wako, nitaendesha lori bila macho."

Walitoka chini, wakajipangusa. Kiprugut alimimina oili aliyoikinga pamoja na ya akiba iliyokuwa nyuma ya kiti, akawasha injini, nao wakaondoka polepole na viazi vya watu.