Mwenye Bucha Anapumua

"Umeniua, Enid! Ukurasa wa mwisho, umeniua!"

Clement Hoyle aliukaba mkonga wa simu kwenye korido ya studio pale Leeds, bahasha ya khaki imechanika miguuni. Kila Jumanne waigizaji walipewa miswada yao, na kila mmoja aliisoma kuanzia nyuma, aone kama bado yu hai. Miaka kumi na moja Clement alikuwa Sid wa buchani, mume mwaminifu wa kwenye televisheni, hadi akina mama wa nchi nzima wakamfumia soksi. Leo Sid kaganda kwenye chumba cha barafu, kafa.

"Nimekukomboa, mpenzi," alijibu Enid, mwandishi wa tamthilia na hawara yake wa miaka tisa. "Si ulisema huwezi kumwacha mkeo, Sid atachafuka magazetini? Haya, Sid hayupo. Tuoane."

"Nina miaka hamsini na nane na sura ya kiazi cha kuchemsha! Nani ataniajiri?"

"Kumbe ulikuwa unanichezea."

"Enid, kipenzi, nakusihi..."

"Mwambie Thelma leo hii. Ukimwambia, Sid ataokotwa anapumua. Naapa."

Jioni nyumbani, mkewe Thelma alikuwa mezani, anakula maharage juu ya mkate wa kuchoma.

"Thelma, nina mwanamke mwingine."

"Yule wa kalamu? Najua tangu zamani. Kwa nini unaniambia leo?"

"Ili... ili Sid asife."

Uma ukaanguka sahanini.

"Ungesema unampenda, ningelia. Kumbe umeniuza kwa bucha la mbao na rangi! Chukua koti lako, Clement. Toka."

Jumanne iliyofuata bahasha ilikuja na kikaratasi: "Nimetimiza neno langu. E." Clement akafungua nyuma. Sid anapumua! Akaubusu muswada. Kisha akaanza kutafuta maneno yake, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka jasho likamtoka. Hakuna hata neno moja. Sid kalazwa hospitali, kafungwa bendeji utosini hadi kidevuni, hajitambui. Na mkataba bado una miezi kumi.

Siku ya kurekodi, mama wa vipodozi alikuwa anamzungushia Clement bendeji, Enid alipokuja kusimama kando ya kitanda.

"Nimeshamwambia Thelma," Clement alinong'ona. "Kanifukuza, nalala kwa rafiki, kwenye kochi. Tuoane basi."

"Mimi niliahidi pumzi tu. Ndoa uliahidi wewe."

"Enid, una roho mbaya!"

"Mfunge na mdomo, dada," Enid alimwambia mama wa vipodozi. Kisha akainama sikioni mwa Clement. "Leo mke wa Sid anachumbiwa na muuza samaki, hapahapa kitandani pako. Watabusiana mara tatu. Usitikisike, utaharibu picha."

"Kimya studioni!" akapaza sauti mwongozaji.

Taa nyekundu ikawaka. Muuza samaki akapiga goti. Clement akapumua.