Bibi Aliyekatizwa

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Niko redioni, kwenye kipindi cha wazee wanaosimulia maisha yao. Lakini jioni ile nilikuwa kwenye shughuli yangu binafsi: natafuta kinasa sauti, tena kwa haraka, maduka yakiwa yameanza kufungwa. Kesho yake asubuhi baba alikuwa anafanyiwa upasuaji wa koo. Madaktari hawakutuficha. Atapumua, atakula, ila hatasema tena.

Nilitaka sauti yake ibaki. Hata kama ni kuniita Kasuku tu, jina alilonibandika kwa sababu ya domo langu.

"Unataka cha kurekodi nini?" fundi mwenye duka aliniuliza, mkono mmoja tayari uko kwenye kufuli.

"Mzee wangu. Amebakiza kunong'ona."

"Basi achana na urembo. Sikiliza mvumo."

Akaniwekea viwili mezani. Kimoja kipya, chepesi, bado kinanukia boksi. Kingine cheusi, kizito, kimechubuka pale vidole vinaposhika. Akanipeleka nyuma, kwenye kichumba cha majaribio: kuta zimezibwa kwa magodoro, viti viwili vinatazamana, mlango mnene usio na kitasa kwa ndani. Juu ya mlango kulikuwa na taa nyekundu iliyounganishwa na kinasa kwa waya.

"Taa ikiwaka ujue unarekodi, na mimi sifungui," alisema. "Kelele za barabarani zitakuharibia."

Mlango ukafungwa. Puu.

Nilianza na kipya. Sauti yangu ilisikika, lakini nyuma yake kulikuwa na mvumo kama mvua juu ya bati. Nikachomeka cheusi, nikavaa hedifoni.

Kimya. Kimya safi kiasi kwamba nilisikia mate yangu yakishuka kooni. Nikafurahi. Nikajiambia hiki ndicho cha baba.

Sasa, sisi watu wa mahojiano tuna mazoea. Kabla ya kuanza, tunampa mgeni swali jepesi ili tupime sauti yake. Nimeliuliza swali hilo mara nyingi hadi mdomo unafunguka wenyewe. Nikakitazama kiti kitupu kilichokuwa mbele yangu.

"Jitambulishe tafadhali, kisha uniambie umekula nini leo asubuhi."

Nikajicheka. Mtu mzima, naongea na kiti.

Halafu mstari wa sauti kwenye kioo cha kinasa ukapanda.

Sikuwa nimesema kitu.

Karibu kabisa na sikio langu la kushoto, mtu alivuta pumzi...

"Sijala," sauti ya bibi kizee ilinong'ona. "Hawakuniachia hata jiko."

Nikavua hedifoni. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imejaa chumbani. Na sauti haikuwa tena kwenye hedifoni. Ilikuwa inatoka kitini.

"Niliulizwa habari za yule mtoto. Nikaanza kuwaeleza, tangu siku ile alipoletwa kwangu ana homa..."

Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Taa nyekundu ikaendelea kuwaka. Nikabonyeza tena na tena. Nikausukuma mlango kwa bega, nikapapasa pembeni nikitafuta mahali pa kuushika, nikakuta godoro tupu.

"Fundi... fungua."

"Taa inawaka, dada!" alijibu, mbali, kama yuko nyumba ya tatu.

"Unakwenda wapi?" bibi akauliza, bila hasira. "Si umeniuliza wewe?"

Kiti kikatoa mlio. Kama mtu anayeinuka.

Nilifungua mgongo wa kinasa, nikang'oa betri. Sauti ikakatika katikati ya neno. Taa ikazimika. Fundi akafungua.

Alizitazama betri mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi.

"Hicho cheusi kilikuwa cha mwandishi mmoja wa habari," alisema taratibu. "Alimhoji bibi aliyesingiziwa uchawi. Bibi hajafika mbali, mwandishi akazima, akarusha hewani ile nusu. Waliosikia nusu wakaenda kwake na moto." Akazipokea betri. "Wewe ulimuuliza kitu?"

"Nilimuuliza."

"Ungesema moja, mbili, tatu, kama wenzako."

Nilichukua kile kipya. Bora mvua juu ya bati. Jioni hiyohiyo nikakaa kando ya kitanda cha baba hospitalini, nikamuuliza lile swali langu, naye akanijibu kwa mnong'ono mpaka muuguzi akaja kunifukuza. Aliniita Kasuku. Niliuona mstari ukipanda na kushuka. Hedifoni sikuvaa. Sikuthubutu.

Baba alipasuliwa, akapona. Mimi nikajifungia chumbani nikasikiliza. Likaja swali langu. Ukaja mvumo. Kisha mtu akavuta pumzi.

"Kama nilivyokuwa nasema..."

Kumbe bibi hakukaa kwenye kile kinasa cheusi. Alimfuata aliyemuuliza. Baba yumo, namsikia kwa chini kabisa, kama mtu anayeita akiwa nyuma ya ukuta, lakini maneno hayashikiki. Nikizima, bibi anarudi mwanzo. Nikimwacha, anaendelea, na sijui maelezo yake yana urefu gani. Kufuta siwezi. Nikimfuta yeye, nimemfuta baba.

Jana jioni baba aliniashiria kwamba anataka kusikia sauti yake. Nililia, nikamdanganya kwamba betri zimeisha. Akachomoa mwenyewe zile za redio yake ndogo, akanipa. Nikamvalisha hedifoni.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Machozi yakamtoka. Sijui alikuwa anamsikia nani. Nilipopeleka mkono kuzima, akanishika kwa nguvu, midomo yake ikatamka bila sauti:

"Mwache amalize."

Kisha akafumbua macho, akatazama nyuma yangu, akakunja miguu taratibu ili mtu apate nafasi ya kukaa kitandani.